Mustang ya 1968 yenye gia otomatiki: niweke mafuta ya Type F au ya Dexron?

MzigoMzito_Houston

Wakuu habari zenu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni dereva wa roli huku Houston, Texas. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa na hamu ya gari la V8 la Kimarekani, na hatimaye nimelipata: Ford Mustang ya 1968, injini ya inchi za ujazo 302, kabureta ya midomo minne, gia otomatiki. Nimeinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiacha bandani muda mrefu. Bodi iko sawa, kutu ipo kidogo chini ya betri, ndani viti vimechanika upande wa dereva tu. Injini inawaka vizuri, mlio wake ukiusikia asubuhi unasamehe bei.

Shida ni giaboksi. Ukiweka D ikiwa ya baridi inasubiri kwanza, halafu inaingia kwa kushtuka. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inachelewa, injini inapiga kelele wee, mara "dup!" inaingia. Halafu dipstiki inaonyesha ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) inapungua. Nimelaza kadibodi chini usiku kucha, asubuhi hakuna hata tone.

Nikimuuliza mzee aliyeniuzia anasema weka ATF yoyote ile mradi nyekundu. Dukani kijana wa kaunta kaangalia kwenye kompyuta yake kanipa Dexron VI. Jirani yangu, Mmarekani wa makamo ambaye naye ana Ford ya zamani, kanikatalia katakata, kasema Ford hii ni Type F tu na kingine chochote kitaiua. Nimenunua chupa mbili za Type F kwa kumwogopa yeye, na Dexron VI bado sijairudisha dukani.

Naomba mwongozo. Niweke ipi? Na je, zikichanganyika na iliyomo ndani kuna madhara? Mzee alisema giaboksi ni C6 "ile ngumu", kama inasaidia.

---

Chevelle_Minneapolis

Hongera sana bro! Weka picha tuone.

Mimi niko na Chevelle ya 1970, giaboksi ni TH400. Nimetumia Dexron VI tangu niinunue na sijawahi kuona shida yoyote. Gia zinaingia smuu kabisa, hata baridi ya huku Minnesota ikipiga. Dexron VI ndiyo mpya, imeboreshwa kuliko zile zote za kitambo. Hiyo maneno ya Type F ni ya wazee, wanapenda tu kushikilia vitu vya zamani. Usiogope, mwaga hiyo VI uendeshe gari.

---

Kinyozi_wa_Spea

Mkuu sisi huku Dar tunaweka T-IV ya Toyota kwenye kila kitu na magari yanatembea. Mark II yangu, Noah ya shemeji, mpaka Pajero ya jirani. Jaribu.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Marahaba kijana, na hongera. Wenye 428 watakucheka kwamba 302 ni ndogo. Waache, wao wanalala kituo cha mafuta.

Nimetoka Tanga, gereji nimeanzia Ngamiani kwenye Land Rover na Peugeot 504, na sasa niko Ohio kwenye karakana ambayo kazi yake ni giaboksi otomatiki peke yake. Kwa hiyo nitasema kirefu, ukichoka ruka.

Kinyozi, hiyo T-IV iache kwenye Noah ya shemeji.

Kabla ya kuzungumzia chupa, ingia chini ya gari uhesabu bolti zinazoshika sampu ya giaboksi, lile beseni la mafuta chini yake. Zikiwa 11, ni C4. Zikiwa 17, ni C6. Wauzaji wengi wa magari haya hukutajia giaboksi wanayotamani ingekuwamo. Mustang ya 302 ya mwaka huo naitegemea iwe na C4, na si aibu hata kidogo, ni giaboksi nyepesi na ina moyo. Ford waliitoa mwaka 1964. Zile za mwanzo, mpaka 1966, D yake ilikuwa na nafasi mbili zenye vidoti, kimoja kikianzia gia ya pili. Kuanzia 1967 ukaja mpangilio wa kawaida wa P R N D 2 1. Kwako itakuwa huu wa pili.

Sasa hayo mafuta yanayopotea bila kudondoka. Hapo ndipo ugonjwa wako ulipo, na hakuna ATF ya rangi yoyote itakayouponya. ATF haipotei hewani. Kama haipo sakafuni, imepita kwingine, na kwenye C4 njia ya siri iko moja inayojulikana.

Giaboksi hiyo haina kompyuta. Inajua umekanyaga pedali kiasi gani kwa kusikilizia mvuto wa hewa kwenye manifoldi ya injini. Nyuma ya giaboksi, upande wa abiria, utaona kidude cha bati cha duara kinachoenea kiganjani. Hicho ni modyuleta. Kinaungwa na injini kwa bomba jembamba la chuma lenye kipande cha mpira mwishoni. Ndani yake mna kiwambo cha mpira: upande mmoja mvuto wa injini, upande wa pili ATF. Ukikanyaga pedali sana, mvuto unapungua, modyuleta inaiambia giaboksi "mzigo ni mzito, kaza presha, chelewesha gia". Ukiachia, mvuto unapanda, gia zinabadilika mapema na kwa upole.

Kiwambo kikizeeka kinapasuka. Hapo injini inaanza kuifyonza ATF kupitia lile bomba na kuiunguza pamoja na petroli. Chini pakavu, dipstiki inashuka. Na giaboksi, kwa kuwa haipati tena mvuto unaostahili, inadhani umekanyaga mpaka kwenye zulia muda wote, kwa hiyo inaing'ang'ania gia ya pili mpaka injini ipige kelele, kisha inaitupa ya tatu kwa kishindo. Hiyo ndiyo "dup!" yako. Na huko kusubiri unapoweka D asubuhi ni kwa sababu mafuta yamepungua, pampu inatafuta cha kusukuma. Hujasema kitu juu ya moshi. Angalia ekzosi ukiwa umesimama kwenye taa halafu ukaondoka. Ukiona wingu jeupe, tumeelewana.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika chache. Zima injini, chomoa ule mpira pale unapoingia kwenye modyuleta, ingiza kijiti cha pamba cha kusafishia masikio kwenye mdomo wa modyuleta. Kikitoka kikavu, kiwambo kizima, tutatafuta kwingine. Kikitoka chekundu, umeshamaliza utafiti.

Kubadilisha nako hakuhitaji kushusha giaboksi. Ila sikiliza hili: nyuma ya modyuleta kuna kijiti chembamba cha chuma kinachosukuma vali ndani. Ukiichomoa, kijiti kinaweza kufuata na kuangukia kwenye nyasi, na ATF kidogo itamwagika nayo. Tandika kadibodi safi chini kabla hujaigusa. Nimeona magari yanaletwa kwa lori la kuvutia kwa sababu tu ya kijiti hicho kusahaulika nje.

Haya, sasa twende kwenye swali lako lenyewe.

Jirani yako na kijana wa dukani wanabishana ugomvi wa zamani kuliko nyote watatu. Ford ya enzi hizo na GM (General Motors, wenye Chevrolet) ya enzi hizo walikubaliana kitu kimoja tu juu ya ATF: rangi. Kazi ya ATF kwenye giaboksi ni nyingi: inabeba presha, inapoza, inalainisha. Huko kote hizo mbili hazitofautiani sana. Zinapoachana ni kwenye msuguano, pale sahani za klachi zinapokutana.

GM walitaka gia ibadilike abiria asihisi. Wakaweka kwenye mafuta yao, Dexron, dawa ya kulainisha msuguano, ili sahani zinapokaribia kushikana ziteleze kidogo kwanza, kisha zishike taratibu. Ford wao hawakuiweka. Kwenye Type F, kadiri sahani zinavyopunguza kasi ya kutelezana ndivyo msuguano unavyoongezeka, mwishoni zinang'atana ghafla. Sugua viganja vikavu halafu sugua vyenye sabuni, umeshaelewa. Type F ni vile vikavu.

Kwa udadisi tu: dawa ya kulainisha msuguano kwenye Dexron ya kwanza, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ilitokana na mafuta ya nyangumi. Marekani ilipofunga biashara ya nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, GM wakalazimika kutafuta dawa nyingine, ikaja Dexron II. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifu "Dexron halisi ya zamani", mwulize anavua wapi.

Tuendelee. Ukiweka Dexron kwenye C4 ambayo klachi zake ni za kiwandani, hailipuki. Utaendesha, na pengine utasifu kwamba gia zimekuwa laini. Lakini kule kuteleza kidogo kila gia inapobadilika ni joto, na bitana za sahani zile ni karatasi ngumu iliyogundishwa juu ya chuma. Zilipimwa kwa mafuta yanayong'ata. Joto kidogo kila siku, mwisho wa yote unafungua sampu unakuta vumbi jeusi linalonuka kuungua. Jirani yako kasema "itaiua". Katia chumvi, lakini njia aliyoonyesha ndiyo.

Kuchanganyika: zinachanganyika bila kuganda wala kutengana. Unachopata ni msuguano wa katikati ambao haukupimwa na mtu yeyote. Ukiwa njiani usiku na dipstiki iko chini, ongeza chochote chekundu ufike nyumbani. Usifanye kuwa mazoea.

Chevelle, wewe kwa gari lako uko sahihi kabisa. TH400 ni ya GM, ilizaliwa na mafuta ya ukoo wa Dexron, na GM wenyewe walipotoa Dexron VI mwaka 2005 walisema inaweza kurithi nafasi ya zile zilizotangulia. Lakini umempa mgonjwa wa Ford dawa ya GM. Na hata kwa magari ya GM, kumbuka VI ni nyepesi kuliko Dexron III iliyoitangulia. Kwenye giaboksi yenye sili za miaka hamsini, mafuta mepesi hupata matundu ambayo yale mazito yaliyapita.

Kwa hiyo, MzigoMzito, jibu linategemea kilichomo ndani. Kama C4 hiyo haijawahi kufunguliwa tangu 1968, Type F, bila mjadala. Geuza chupa usome nyuma, utafute M2C33-F, hiyo ndiyo namba ya Ford. Hizi chupa zinazojitangaza kwamba zinafaa magari yote, soma orodha yake mpaka chini: nyingi zinataja Dexron III, Mercon (ATF ya baadaye ya Ford) na majina mengine tele, Type F haimo. Kama imewahi kufunguliwa na kuwekwa klachi mpya, mambo yanaweza kubadilika, kwa sababu bitana zinazouzwa leo si zile za mwaka 1968, na mafundi wengi wanaoziunda upya C4 wanajaza mafuta ya daraja la Dexron III na Mercon na wanakupa dhamana juu ya hayo. Hapo unamfuata aliyeifunga. Kama hujui lolote na hakuna wa kumwuliza, Type F.

Yaliyomo sasa huwezi kuyatambua kwa macho, zote nyekundu. Tafuta karatasi. Mzee aliyeliweka gari bandani muda wote huo hajatupa risiti.

---

Chevelle_Minneapolis

Sawa fundi, nimekubali hiyo ya ukoo. Lakini kuna kitu moja hainiingii. Kuna jamaa wa mashindano ya robo maili hapa, gari yao ni GM kabisa na giaboksi ni Powerglide, na wanaweka Type F makusudi. Kama inang'ata ghafla si ingevunja kitu?

---

Fundi_wa_Ngamiani

Wanaweka kwa sababu hiyohiyo ya kung'ata. Kwenye mashindano hakuna anayejali kama chai itamwagika kikombeni, anataka sahani zishike haraka zisile muda wala zisiungue. Powerglide ina gia mbili tu, inabadilika mara moja kwenye mbio nzima. Na hao jamaa wanaifungua giaboksi kila wanapojisikia, hawasubiri iwafikishe miaka kumi. Kwenye Chevelle yako ya kwendea kanisani utapata mtikisiko usio na maana. Kaa na Dexron yako.

---

BinSaid_Muscat

Assalaam alaykum jamaa.

Maneno ya Fundi yamekaa. Niongeze la joto, maana huku Maskati tunalijua. Kiangazi kinapita 45 kivulini, na Houston najua nako si mchezo. Miye ninayo Mustang ya 1970, ya 351, giaboksi ni FMX, nayo pia ni mtu wa Type F. Huku mjini rafuni huikuti, wanakuletea ATF ya magari ya Kijapani na kukuapia. Naagiza kwa katoni, nimekwisha.

Jambo lenyewe ni hili. ATF yako hupozwa ndani ya rejeta ya injini: kuna vibomba viwili vyatoka giaboksi, vyaenda kwenye tangi la rejeta, mafuta yapita ndani ya kibomba kilichozungukwa na maji. Rejeta ya zamani ikioza ndani, maji na mafuta hukutana. Tazama dipstiki: ukiona rangi ya waridi yenye povu zito, usiendeshe hata hatua moja. Ile dawa ya rejeta hulegeza gundi ya bitana za klachi, na hapo kubadilisha mafuta pekee hakutoshi, giaboksi itafunguliwa.

Miye nimefunga kipoza cha ziada mbele ya rejeta, kidogo tu, mafuta yatoka kwenye rejeta yapita huko ndipo yarudi. Tangu hapo mafuta yabaki mekundu. Mwanzo yalikuwa yageuka kahawia kabla msimu haujesha. Kwa dereva wa foleni za Houston mchana wa Agosti, kipoza hicho kina faida kuliko kubishania chupa.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Bin Said kasema kweli, na kipoza si ghali. Usikifunge kwa mipira ya petroli tu, chukua mpira ulioandikwa ni wa ATF. Ule wa petroli unalainika kwa joto na unachomoka barabarani.

---

MzigoMzito_Houston

Wakuu nimerudi na majibu.

Bolti za sampu ni 11. Mzee na C6 yake, Mungu amrehemu akiwa hai.

Kijiti cha pamba kimetoka chekundu kabisa, na kimelowa mpaka vidoleni. Nilipochomoa ule mpira ATF ikatiririka kidogo kutoka ndani ya mpira wenyewe, kwa hiyo imekuwa ikipanda huko muda mrefu. Na moshi upo, mke wangu ndiye aliyekuwa akiniambia kila tukitoka kwenye taa ya barabarani, mimi nikidhani ni baridi ya asubuhi. Modyuleta mpya nimeshaagiza.

Rangi ya dipstiki ni nyekundu iliyofifia, hainuki kuungua, hakuna povu.

Na risiti! Fundi umenishangaza. Zilikuwa kwenye bahasha ya kaki nyuma ya kidroo cha abiria, zimeshikana kwa pini yenye kutu. Moja ya mwaka 1994: giaboksi imefunguliwa, sahani za klachi mpya, bendi mpya, sili zote. Chini kabisa kwa mkono wameandika "Mercon" na idadi ya chupa.

Sasa nimebaki njia panda. Type F chupa mbili ninazo, Dexron VI ninayo, na risiti inasema Mercon. Halafu je, nibadilishe mafuta yote au niongeze tu? Nimeambiwa ukibadilisha mafuta ya giaboksi ya zamani inakufa.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Bahasha hiyo ina thamani kuliko magurudumu ya gari. Itunze.

Njia panda haipo. Klachi za ndani ni za 1994, aliyezifunga alijaza Mercon na giaboksi imeendelea kufanya kazi tangu hapo mpaka modyuleta ilipopasuka. Mfuate yeye. Mercon yenyewe Ford wameshaiacha, lakini dukani zipo chupa zilizoandikwa kwamba ni za magari ya Dexron III na Mercon, zote mbili kwenye lebo moja. Chukua ya kampuni inayojulikana. Leseni ya Dexron III GM waliacha kuitoa mwishoni mwa 2006, kwa hiyo siku hizi kilichomo kwenye chupa ya jina hilo unamwamini aliyeitengeneza tu. Za bei ya kutupa ziache rafuni. Dexron VI irudishe ukachukue hela yako.

Kama ungeniambia unapenda gia zishike kwa nguvu, ningekwambia hata Type F itafanya kazi humo, C4 zilizoundwa upya zinaivumilia vizuri na wapo wanaoipenda hivyo. Lakini wewe una karatasi mkononi.

Hilo la kufa baada ya kubadilisha mafuta: giaboksi inayokufa wiki ile ilikuwa imeshakufa, watu walimwita fundi wakati inaanza kuteleza. Yako haitelezi, na mafuta hayanuki. Badilisha yote.

Namna ya kuyamwaga. Kwenye C4 nyingi za miaka hiyo, bomba la dipstiki linaingia ubavuni mwa sampu kwa nati kubwa. Ilegeze hiyo kwanza, mafuta yatoke hapo taratibu kwenye beseni, ndipo ushushe sampu. Ukianza na bolti za sampu utaoga. Lakini ujue sampu ina sehemu ndogo tu ya mafuta, mengi yamekaa kwenye tokikonveta, lile duara kubwa la chuma kati ya injini na giaboksi. Bahati yako Ford za wakati huo zina bolti ya kumwagia kwenye tokikonveta yenyewe. Toa bati la vumbi mbele ya giaboksi, zungusha injini kwa mkono mpaka bolti ije chini, ifungue. Magari ya siku hizi hayana hiyo.

Tazama kilichotuama chini ya sampu. Tope laini la kijivu ni kawaida, hiyo ni miaka. Vipande vyeusi kama magamba ni bitana. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi au washa zinalika. Ukiona hayo mawili ya mwisho kwa wingi, piga picha uilete hapa kabla hujafunga. Kusiwe na kitu, badilisha filta, weka gasketi mpya, na kwenye sampu bandika sumaku ndogo bapa, kiwandani hawakuweka.

Bolti za sampu usizikaze kwa hasira. Sampu ni bati, ukikaza sana inapinda kwenye matundu na itavuja kuliko mwanzo.

Kujaza: jumla yake ni kati ya chupa 8 na 10 za robo galoni kutegemea tokikonveta, lakini usimimine zote kwa mkupuo. Mimina 5, washa injini, mguu kwenye breki, pitisha mkono wa gia P mpaka 1 na kurudi, polepole, kila nafasi ikae kidogo. Kisha ongeza chupa moja moja ukipima. Kipimo cha mwisho unakipima gari likiwa limepata moto wa kutosha, liko sehemu tambarare, injini inaunguruma, gia iko P. Mwenye Dodge au Plymouth ya zamani anayesoma hapa, wewe pima ukiwa N, maana giaboksi zake za TorqueFlite kwenye P pampu yake haijazi tokikonveta. Na ukizidisha ni mbaya kama kupungukiwa: mafuta yanapigwa na gia mpaka yanatoa povu, na povu halisukumi kitu.

Modyuleta mpya ikishakaa, ule mpira ubadilishe pia, umeshalowa ATF umekuwa laini. Na lile bomba la chuma lipulize mpaka liwe safi, vinginevyo litaendelea kutoa moshi wa mabaki utadhani hujafanya kitu.

Baada ya hapo kama gia ya tatu bado inachelewa, tutazungumza habari ya kukaza bendi, ile mikanda inayobana ngoma za ndani ya giaboksi. Kwa ufahamu wako, ya kati iko ubavu wa dereva: unalegeza nati, unakaza skrubu mpaka futi-pauni 10, unairudisha nyuma mzunguko mmoja na robo tatu kamili. Ya chini na rivasi iko upande wa abiria, huko unarudisha mizunguko mitatu. Nati weka mpya, zile ndizo zinazoziba mafuta. Ila usiiguse mpaka uone modyuleta imekupa nini.

---

MzigoMzito_Houston

Nimekuelewa fundi, asante sana. Bin Said nawe asante, kipoza nimekiweka kwenye orodha.

La mwisho: hizi chupa mbili za Type F nazo nirudishe? Moja nimeshaifungua.

---

Fundi_wa_Ngamiani

Kama Mustang yako ina usukani wa pawa, usirudishe. Pampu ya usukani ya Ford hiyo inakula Type F, na kwa jinsi gari lilivyolala bandani, mafuta yaliyomo huko nayo yatakuwa yamechoka. Fungua mfuniko wa pampu uangalie. Yakiwa meusi, yavute kwa bomba la sindano, jaza mapya, zungusha usukani kushoto na kulia magurudumu yakiwa juu ya stendi, urudie mpaka yatoke mekundu. Chupa mbili zitakutosha.